Kipimo cha kidoleni au kiraka cha kifuani?

Kwa mgonjwa anayeuguzwa nyumbani, vifaa viwili visivyo na waya hutajwa sana: kipimo cha oksijeni cha kidoleni, na kiraka cha kifuani kinachosoma umeme wa moyo. Vyote viwili vinaweza kutuma taarifa kwenye simu kwa Bluetooth.

Cha kidoleni ni nafuu zaidi. Hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi (usioonekana kwa macho) kwenye ncha ya kidole, kisha hukadiria oksijeni ya damu na kasi ya mapigo. Lakini kidole kikiwa baridi, kikitikisika au kucha ikiwa na rangi, namba hupotoka. Kibaya zaidi, kwa watu wenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Kwa hiyo anayehema kwa shida apelekwe hospitali hata kama kioo kinaonyesha asilimia 95.

Kiraka, kwa kawaida, hakipimi oksijeni. Nguvu yake ni kunasa mapigo yasiyo na mpangilio, hata yakija usiku na kutoweka kabla ya alfajiri. Ila gundi huweza kuwasha ngozi.

Kwa nimonia ningechukua cha kidoleni bila kusita. Kwa anayezimia ghafla, kiraka, tena kwa ushauri wa daktari.