Flawfinder baada ya msimu mmoja wa karafuu

Nimeitumia Flawfinder, programu inayotafuta udhaifu wa usalama kwenye msimbo, msimu mzima wa karafuu hapa Chake Chake, kwenye programu iliyoandikwa kwa lugha ya C inayopima mizigo ya wachumaji na kutoa risiti zao. Nasema mapema: ni kitu kizuri, ni cha bure, na mtu yeyote aliyerithi msimbo wa C wa mwenzake aiweke kabla hajagusa mstari hata mmoja. Ina mipaka vilevile, na mipaka hiyo nimeijua kwa kukesha.

Kikundi chetu huwalipa wachumaji kwa uzito wa karafuu mbichi. Zamani tulipima kwa pishi na kuandika daftarini. Kisha tukanunua mizani ya elektroniki, tukaiunganisha na kikompyuta cha Linux na printa ndogo. Mchumaji anataja jina na kijiji, karani anaandika, mizani inatuma uzito, karatasi inatoka. Aliyetuandikia programu alilipwa, akaondoka, na simu yake haikupokelewa tena. Mie nikaachiwa faili kumi na moja, mistari 3,180, bila hata ukurasa mmoja wa maelezo.

Shida ilianza na watu wa kijiji cha Ng'ambwa. Wa Wawi akipima, risiti inatoka. Wa Vitongoji, inatoka. Wa Ng'ambwa, kimya. Tulibadilisha karatasi, tukabadilisha waya, printa tukaifungua na kuisafisha. Mama mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, mashine yenu hii ina nini na sisi?" Sikuwa na jibu, na liliniuma, maana bila risiti malipo yake yalisubiri mpaka magharibi, na wenzake walishapanda gari na pesa zao mkononi.

Aliyenitajia Flawfinder ni maalim wangu wa zamani wa skuli. Nilimpelekea msimbo nikidhani atausoma. Akasema, "Usinipe mie kwanza. Upitishe kwenye uchambuzi tuli, kisha njoo na majibu." Uchambuzi tuli ni kuusoma msimbo bila kuuendesha, programu ikitafuta penye udhaifu. Sisi tuliokulia kwenye majamvi ya karafuu neno kuchambua tunalijua kwa vidole: unakaa, unatenga makonyo na karafuu, punje kwa punje. Kazi hii inafanana na ile kuliko nilivyotarajia.

Flawfinder iliandikwa na David A. Wheeler na ikatoka mara ya kwanza mwaka 2001. Imeandikwa kwa Python, ni nyepesi, na niliishusha kwa bando la simu bila kuhisi kitu. Sifa yake ya kwanza kwangu ni kwamba haihitaji msimbo ukusanyike, yaani ugeuzwe kuwa programu inayoendeshwa. Sehemu ya programu yetu inayokaa ndani ya mizani inategemea maktaba za kiwanda ambazo hatukuachiwa, kwa hiyo kompaila, programu inayofanya kazi hiyo ya kukusanya, inaukataa mara moja. Flawfinder haijali hilo. Unaielekeza kwenye folda, na kwenye laptopu yangu ya zamani ilimaliza kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe.

Ikanipa mistari 112. Kila mmoja una jina la faili, namba ya mstari, kiwango cha hatari kuanzia 0 hadi 5, fankisheni (amri iliyo tayari ndani ya lugha) inayoshukiwa, sababu fupi, namba ya CWE, yaani orodha ya aina za udhaifu wa programu, na ushauri wa kurekebisha. Kubwa zinakuja mwanzo. Nilimpigia maalim nikiwa nimechoka kabla sijaanza, akaniambia nisome za 5 na 4 tu, nyingine nizifunike kwa --minlevel=4. Zikabaki kumi na nne: gets moja ya kiwango cha 5, strcpy sita, sprintf nne, system mbili na access moja.

Ile gets peke yake ilinitosha kumjua aliyetuandikia. Fankisheni hiyo inapokea herufi bila kuuliza zinatosha wapi. Mnyoo wa Morris, programu hasidi iliyojisambaza kwenye mtandao Novemba 1988, uliitumia kupenya kwenye programu ya fingerd, na kanuni rasmi za C za mwaka 2011 (C11) zimeiondoa kabisa kwenye lugha. Kukutana nayo kwenye msimbo unaoshika ujira wa watu ni jambo la kusikitisha.

Jibu la Ng'ambwa lilikuwa chini kidogo, mistari miwili iliyofuatana. Wa kwanza sprintf, ukilibandika jina, kijiji na uzito ndani ya echo, amri ya kutoa maneno, iliyozungushiwa alama moja moja za kunukuu. Wa pili system, ukiipeleka amri hiyo kwa Linux ili iende kwenye printa. Zote mbili kiwango cha 4. Ya system ilikuja na CWE-78, yaani amri ya mfumo inayoweza kuchafuliwa na maneno ya mtu wa nje. Nikaitazama "Ng'ambwa" kwenye skrini, nikaona ile ritifaa, alama iliyo baada ya "Ng". Kwetu ritifaa ni sehemu ya sauti. Kwa kinachosoma amri ndani ya Linux, ile ni alama ya kufunga nukuu. Nukuu inafungwa baada ya "Ng", ya mwisho inafungua nyingine isiyofungwa, amri inakatika, risiti haitoki. Msimu mzima uliopita kijiji kizima kilicheleweshwa malipo kwa alama moja ambayo mwandishi wa programu hakuifikiria.

Na hapo hatujamtaja mtu mwenye nia mbaya. Anayejua angeandika kwenye nafasi ya kijiji ritifaa, nukta mkato na amri yake mwenyewe, na kikompyuta kingeitii. Kitabu chote cha malipo kimo humo.

Nilirekebisha kwa fork na execlp, fankisheni za kuanzisha programu nyingine, lp ya kuchapisha ikiitwa moja kwa moja na maneno ya risiti yakipita kwenye bomba, hata yasisomwe na mtafsiri wa amri. Hapa ndipo nilipoanza kugombana na Flawfinder. Niliiendesha tena nikitarajia pongezi, na execlp nayo ikapewa kiwango cha 4. Haioni kwamba hoja zake ni maneno yasiyobadilika niliyoyaandika mwenyewe. Inatambua majina ya fankisheni na kidogo ya kilichomo kwenye mabano yake, lakini haifuati data kutoka ilikoanzia hadi inakoishia. Haikosei kama grep, programu ya kutafuta neno tu, maana maneno yaliyo ndani ya maelezo ya mwandishi na nukuu inayaruka, lakini isiulizwe zaidi ya hapo.

Unaweza kuinyamazisha kwa kuandika "Flawfinder: ignore" kwenye maelezo ya mstari husika. Mie nimefanya hivyo mara tatu tu, kila mara na sababu pembeni. Kijana anayenisaidia alinyamazisha ishirini jioni moja ili orodha ipendeze, na nikagundua nilipotumia --neverignore, inayoyapuuza maelezo hayo yote. Tulikaa chini tukayarudia pamoja. Huyo huyo alikuwa amebadilisha strcpy zote kuwa strncpy, na viwango vikashuka kutoka 4 hadi 1. Lakini strncpy ikijaza nafasi yote haiweki mwishoni baiti ya sifuri, inayoonesha maneno yameishia wapi. Wachumaji wetu wengi hutaja jina lao, la baba, la babu na la ukoo, na bafa, nafasi iliyotengewa jina, ilikuwa ya herufi 24. Jina likijaa, printa inaendelea kusoma na kutoa takataka mpaka ikutane na sifuri mahali fulani. Maandishi ya kiwango cha 1 yalilionya hilo waziwazi. Sisi tulikuwa tumeyafunika. Kwa hiyo --minlevel=4 ni ya siku ya kwanza. Siku ya pili iondoe.

Katika zile kumi na nne, kumi na moja zilikuwa tundu kweli. Katika 98 zilizobaki nyingi zilikuwa makonyo, hasa zile 58 za kiwango cha 2, ambazo karibu zote zinasema tu kwamba umetangaza safu ya herufi yenye ukubwa maalumu. Moja kati ya hizo ilikuwa na hatari kubwa kuliko nyingi za juu yake. Mizani inatuma pakiti yenye baiti inayosema urefu wake, na kitanzi cha for, yaani amri zinazorudiwa, kinanakili baiti hizo kwenye bafa ya 32 bila kuuliza kama urefu umezidi. Ni kosa la ukoo mmoja na Heartbleed, tundu la mwaka 2014 kwenye OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano: kuamini urefu uliotajwa na mtumaji. Kwa kuwa hakuna fankisheni iliyoitwa, Flawfinder ilionesha mstari wa kutangaza bafa tu, na kitanzi, mistari ishirini chini, ikakipita kimya. Nilikiona kwa macho yangu, saa saba ya usiku.

Kwa upande wa Linux, ambao unakusanyika, nimeiongezea gcc, kompaila ya C, yenye -fanalyzer, iliyoanza na GCC 10 mwaka 2020. Hiyo inafuata njia za programu hatua kwa hatua. Ilinionesha free, ya kuachia kumbukumbu, iliyoitwa mara mbili kwenye pointa (anwani ya kumbukumbu) moja pale faili la malipo linaposhindwa kufunguka, ikitaja kila tawi lililopitiwa mpaka kufika hapo. Flawfinder isingeiona hiyo abadan. Lakini ukiwa na moja tu ya kuanza nayo, anza na Flawfinder, kwa sababu inakubali msimbo ulio vipandevipande, na wengi wetu ndio tunaoachiwa.

Ushauri wangu mwingine mdogo: hifadhi matokeo ya leo kwa --savehitlist, na kesho tumia --diffhitlist ikuoneshe mapya tu. Bila hivyo, wiki ya tatu utaacha kusoma.

Vuli hii wachumaji wa Ng'ambwa wanapata risiti, na ritifaa yao imo. Sehemu iliyo ndani ya mizani bado haijakusanyika kwa gcc, na kiwanda sijakipata. Kitanzi nimekiwekea kikomo kwa mkono, na kila Ijumaa baada ya sala naupitisha upande ule kwenye Flawfinder, kisha nausoma mwenyewe mstari kwa mstari.