Kihema cha neti cha mtoto: tumelala nacho Tiwi na Shimba Hills, maoni yangu haya

Naanza na jibu ili mwenye haraka asome aende zake. Kama una mtoto wa chini ya mwaka na nusu hivi na mwataka kwenda kulala nje kwenye tenti huku kwetu Pwani, kinunue. Kama mtoto ashaanza kukimbia na kujifungulia zipu mwenyewe, weka pesa zako. Na hata ukikinunua usikitumie vile kilivyokuja kwenye mfuko, manake kuna vitu ndani yake vya kutoa kabla mtoto hajalazwa, ntaeleza.

Nachozungumzia ni kile kihema kidogo chenye waya wa springi, ukikitoa kwenye mfuko wake wa duara chajifungua chenyewe paap, ubavuni neti, juu kitambaa cha rangi ya fedha cha kuzuia jua, ndani kigodoro chembamba na kimto cha moyo moyo hivi cha kupendeza. Siku hizi vyauzwa kila mahali, onlaini na madukani mjini, mie nilitoa elfu tatu na kitu. Mwanangu mdogo ana miezi tisa, mkubwa ana miaka mitatu, na sisi tukipata wikendi twabeba tenti twatoka Mombasa twavuka ng'ambo, Tiwi ufukweni au Shimba Hills msituni, manake bei za hoteli za Diani mukiwa na watoto mwazijua wenyewe.

Sasa jambo la kwanza na ndilo kubwa: JOTO. Ukisoma ushauri wa kulaza mtoto kempu, mwingi umeandikwa na watu wa nchi za baridi, watakwambia soksi za sufu, kofia, gunia la kulalia, yaani wewe uko Tiwi mwezi wa pili, kaskazi imekauka, hata watu wazima wamelala na kikoi peke yake halafu ati umvishe mtoto kofia. Huku kwetu mtoto haamshwi na baridi, aamshwa na joto. Na hiki kihema kwa joto kina kasoro, nasema wazi. Kile kitambaa cha fedha chafunika nusu nzima ya juu, na neti yenyewe imefumwa kwa karibu, kwa hivyo ukikiweka ndani ya tenti kubwa hewa haizunguki. Usiku wetu wa Tiwi mtoto alilala vizuri tu mwanzo, kama saa nne nikasikia ajigeuza geuza, nikatia mkono nikampapasa shingoni nyuma ya sikio, jasho, nywele zimemganda kwenye paji la uso, na joto limetuama mle ndani kama wali uliopaliwa makaa. Bahati nzuri kile kitambaa cha fedha kimeshikwa kwa vishikizo, chatoka. Nikakitoa chote, nikafungua madirisha ya tenti kubwa ya pande zote mbili, lile la baharini na la nyuma yake, upepo ukapita moja kwa moja, nikamvua akabaki na pampasi na fulana ya mikono mifupi. Haikufika dakika kumi ashatulia. Tangu hapo kitambaa cha fedha chakaa kwenye mfuko wake, sikitii tena usiku.

Na mtoto ukitaka kujua kama ana joto usimshike mikono wala miguu, hiyo huwa baridi hata akiwa sawa, mshike shingo au kifua. Joto kupita kiasi kwa mtoto mchanga si kero ya usingizi tu, ni katika mambo yanayohusishwa na vile vifo vya ghafla vya watoto wakiwa wamelala, kwa hivyo si jambo la kuchukulia mzaha. Na mchana hivo hivo, kina mama wenzangu, ile ya kutandaza leso juu ya neti ati umkinge jua alale, leso yaziba upepo, chini yake panawaka. Hamisha kihema chote ukiweke kwenye kivuli cha mti, na ukiangalie angalie manake kivuli chatembea. Na usikiweke chini ya mnazi wenye nazi, hilo sina haja ya kuwaeleza watu wa Mombasa.

Tukija kwenye kimto. Toa. Kimto kizuri, najua, picha yatoka vizuri, lakini mtoto wa chini ya mwaka hatakiwi kulala na mto wala blanketi zito wala midoli ya manyoya, alazwe chali, kwenye kitu kigumu kilicho sawa, basi. Nashangaa wauzaji wa vitu vya watoto wamekitia humo. Mamangu tulikuwa naye Shimba na tulivutana naye kidogo, manake yeye watoto wake wote amewalaza na kimto ili kichwa kipate umbo, akaniambia "mwanangu, wewe mwenyewe nimekulea hivyo na kichwa chako ki sawa". Nikamwambia mama ni kweli, lakini siku hizi kliniki wasema hivi, na humu ndani ni padogo, akijigeuza uso ukaingia kwenye mto hana pa kwenda. Akanyamaza, akakichukua kile kimto akakilalia yeye mwenyewe, wallahi. Sasa ni chake.

Kigodoro nacho ni chembamba na wengi wamelalamika ati mtoto ataumia. Mie naona chafaa vile vile kilivyo, ugumu wake ndio unaotakiwa. Usiongeze mto chini wala duvee. Kilichonipa kazi ni chini yake, kwenye mchanga ukipiga tenti bila kusawazisha, usiku kunafanyika shimo, na mtoto abingirika mpaka ukutani pua ikagusa neti. Kwa hivyo kabla ya kutandaza kanyaga kanyaga mchanga wote, tandika mkeka chini, halafu lala wewe mwenyewe hapo kidogo uone wabingirika upande gani.

Mbu sasa. Hapa ndio watu wengi wadanganywa na picha. Hii neti haina dawa. Na kihema ni chembamba, mtoto akilala mkono au mguu umeegemea neti, mbu auma kutokea nje bila wasiwasi. Mbu wa malaria ndiye huyo wa usiku, sisi watu wa Pwani twamjua. Dawa yangu: ile neti yenye dawa niliyopewa kliniki nilipokuwa na mimba nimeibeba, naitundika ndani ya tenti kubwa kwa kamba, kihema kikakaa chini yake, na hapo nalala bila kushtuka shtuka. Usubi ni habari nyingine, ule mdogo mdogo wa karibu na mikoko, wapenya neti ya kawaida, hiki chazuia kidogo lakini si wote, kwa hivyo kama mwapiga kempu karibu na mto au kwenye mikoko, jioni mvishe mtoto suruali ndefu nyepesi ya pamba na mumwingize ndani mapema. Na tafadhali, ile koili ya mbu isiwashwe ndani ya tenti, moshi wote wakaa mle mle kifuani mwa mtoto. Jiko la makaa ndio kabisaaa, hata likionekana limezima, moshi wake usioonekana waua familia nzima usingizini.

Haya, lakini analala? Ndio analala, na sababu si ile waliyoiandika kwenye boksi. Kitu kilichonisaidia ni kwamba nilikifungua nyumbani wiki kadhaa kabla hatujatoka, nikamlaza humo vilala vya mchana hapo sebuleni, mlango wazi, kelele za tuktuk na watoto wa jirani zote zaingia. Akakizoea, akakijua ni chumba chake. Kwa hivyo tulipofika Tiwi kila kitu kilikuwa kigeni, mawimbi, giza, harufu ya moshi, ila pale anapolala hapakuwa pageni. Shiti nilimtandikia ile ile ya nyumbani na sikuifua kabla ya safari, makusudi, ibaki na harufu yake. Hiyo peke yake nadhani ndio nusu ya pesa niliyolipa.

Nusu ya pili ni saa. Huku kwetu jua lazama karibu wakati mmoja mwaka mzima, saa kumi na mbili na nusu hivi, na saa moja ni giza totoro. Itumie hiyo. Kabla giza halijaingia mie nishamuosha kwa beseni, mafuta ya nazi, uji, nyonyo, ndani. Taa kali hapana, tochi nimeifunga leso. Watu wakienda kempu wapenda kuchelewesha watoto ati wachoke walale fofofo, ni kinyume, mtoto aliyechoka kupita kiasi ndio hulia usiku kucha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo, mtoto wa miezi 4 mpaka 11 ahitaji masaa 12 hadi 16 kwa siku pamoja na vya mchana, na wa miaka 3 na 4 ni masaa 10 hadi 13. Sasa hesabu mwenyewe, umemnyima kilala cha mchana kwa sababu mwaogelea, usiku ukamlaza saa tano, alfajiri jua lapiga tenti saa kumi na mbili ashaamka, masaa yatoke wapi?

Shimba Hills ni kisa kingine kwa sababu kule ni juu, mita mia nne na zaidi, na miti. Tulipita barabara ya Dongo Kundu kukwepa foleni ya feri, tukatokea Kombani, tukapanda Kwale, na mwajua geti za KWS, shirika la wanyamapori, mwisho saa kumi na mbili jioni kwa hivyo fikeni mapema muwe na muda wa kutayarisha watoto kabla ya giza. Usiku pale kuna hewa, alfajiri kuna ukungu na umande, hapo ndio kile kihema kilionyesha uzuri wake, hakikuwa na joto hata kidogo, mtoto nilimvisha nguo ndefu ya pamba na soksi akalala mpaka asubuhi akanyonya mara moja tu. Chakula msiweke ndani ya tenti, nyani na tumbili wa kule hawana adabu.

Ila mkubwa sasa! Usiku katikati komba wakaanza. Kama hujawahi kumsikia komba, alia kama mtoto mchanga anayefinywa, mara huku mara kule juu ya miti. Mdogo hakushtuka hata. Mkubwa akakaa kitako, macho yote, "mama, nani alia? Mtoto wa nani?" Nikamwambia ni komba, mnyama mdogo mwenye macho makubwa. Hakuridhika, akataka kutoka nje akambembeleze ati mamake yuko wapi. Babake ndiye aliyemtuliza, akamwambia komba hulia kwa sababu anatafuta tembo la mnazi na wagema wamemnyima, basi kicheko, mamangu naye akaongeza lake, ikawa hadithi nzima saa nane za usiku lakini akalala.

Nasema hivi kwa sababu nilikuwa nimefikiria mkubwa naye atalala kwenye kihema cha nduguye ikiwa mdogo yuko kwangu. Sahau. Miguu yafika ukutani, na akishaingia hukitumia kama nyumba ya kuchezea, aingia atoka, mchanga wote ndani. Mtoto wa miaka mitatu mpe mkeka wake pembeni yako, leso yake, na kitochi chake mwenyewe akishike, hiyo tochi yamaliza woga kuliko kitu chochote cha kununua.

Kukikunja. Jamani. Kufungua ni sekunde, kukikunja ni mtihani, yataka ukunje pande mbili zikutane halafu uzungushe waya kama namba nane mpaka ziwe duara mbili, uzilaze pamoja. Maelezo yaliyokuja nacho ni vipicha vidogo na maandishi ya Kichina. Mume wangu alisimama nacho ufukweni Tiwi kikamruka mkononi kikajifungua tena, wapita njia wamesimama waangalia, mie nacheka siwezi hata kumsaidia. Ukishajua mkono, utakikunja huku waongea.

Zipu ndio imenikasirisha. Imeanza kukwama pale konani baada ya mchanga wa Tiwi, naisugua na kipande cha mshumaa yatembea. Nilimwandikia muuzaji na picha, akajibu "pole dada" halafu kimya. Basi nyota zangu ni tatu na nusu kati ya tano, nusu moja nimeikata kwa kitambaa, moja nzima kwa zipu na huyo wa pole dada. Ukinunua dukani mwambie akifungue mbele yako, pitisha zipu kona zote, ukikunje mwenyewe hapo hapo kabla hujatuma M-Pesa, na akikwambia hawafungui mizigo, nenda duka la pili.