Miezi kumi ya kumtoa paka wangu Lamu hadi Ujerumani: uzoefu wangu na wakala, daktari na makaratasi

Wakala niliyemlipa anisafirishie paka nampa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa kuwa alikuwa akipokea simu. Jina lake simtaji. Daktari wa mifugo aliyenitengenezea mambo baadaye nampa tano zote. Ndege, mfuko na maabara vilikuwa vya wastani, nitavigusa nikifika.

Paka mwenyewe anaitwa Pweza. Alizaliwa chini ya meza ya muuza samaki Langoni, na jina alilipata siku alipotumbukia kwenye ndoo ya pweza akatolewa analia. Ana miguu mirefu na masikio makubwa kama paka wengi wa mji wetu, wale wageni wanaowapiga picha kwenye vibaraza. Mume wangu alipopata kazi Ujerumani na mimi nikaanza kushughulikia viza ya kumfuata, nilisema wazi kwamba Pweza nakwenda naye. Mama alinitazama kama nimepandwa na jambo. "Nyau wa nti hini wampeleka wapi? Huko hakuna nyau?"

Wapo. Lakini si Pweza.

Nilifanya kosa ambalo nadhani wengi wetu hulifanya: nilidhani shida itakuwa ndege. Nikatafuta mtu anayejua ndege. Nikampata wakala wa Nairobi, mwenye picha nzuri za mbwa waliovaa skafu uwanjani, akaniambia kwa shilingi elfu 85 atashughulikia kila kitu, mimi nije tu na paka. Nikamtumia picha ya kadi ya chanjo. Pweza alikuwa amedungwa sindano ya kichaa cha mbwa mwezi Januari, siku walipokuja kuchanja mbwa na paka mtaani, na kadi imeandikwa kwa kalamu, tarehe inasomeka. Akajibu papo hapo: "Usijali dada, hiyo kadi iko sawa kabisa."

Februari nikampeleka Nairobi, akatiwa chipu. Hii chipu ni kidude kama punje ya mchele, huingizwa kwa sindano chini ya ngozi karibu na mabega, ndani yake mna nambari ya tarakimu 15 inayosomwa na mashine. Haina betri wala haimfuatilii paka popote. (Mama mpaka leo anaamini Wajerumani wanamsikiliza.) Machi akatolewa damu, ikapelekwa maabara nje ya nchi, jibu likarudi zuri. Wakala akasema sasa tuhesabu miezi mitatu, Juni tunaondoka. Nikakata tiketi.

Juni nikawa Nairobi na sanduku langu, paka wangu, na siku tano kabla ya ndege. Cheti cha afya cha kumtoa mnyama Kenya lazima kipitie kwa daktari wa serikali, wa Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, Kabete. Wakala alitaka nibaki hotelini, nikakataa, nikaenda naye. Daktari akafungua faili, akaweka kadi ya chanjo upande huu na karatasi ya chipu upande huu, akanyamaza. Kisha akanigeuzia zote mbili, akaweka kidole kwenye tarehe. Chanjo Januari. Chipu Februari.

"Hii chanjo ni ya paka gani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni ya huyu. Akasema anaamini, ila karatasi haiamini. Siku ile ya Januari paka huyu hakuwa na nambari, kwa hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba aliyechanjwa ndiye huyu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka chipu iwepo kwanza, au itiwe siku hiyo hiyo ya chanjo. Chanjo iliyotangulia chipu ni kama haikupigwa. Na damu iliyopimwa juu ya chanjo isiyohesabika nayo haihesabiki. Hakuwa mkali wala hakutafuta kitu kidogo. Alinieleza kama mwalimu anavyomweleza mtoto aliyekosea hesabu mstari wa kwanza. Nikamtazama wakala. Akasema kwa sauti ya chini, "Kawaida huwa hawaangalii."

Elfu 85. Huwa hawaangalii.

Pesa nilizodai hazijarudi, na sitaki kuzijadili hapa kwa sababu pumzi hunipanda. Ninachotaka msomaji akione ni jinsi kosa la siku chache linavyogeuka miezi. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya inaziamini kwa kichaa cha mbwa, kwa hiyo paka au mbwa anayetoka kwetu hapiti kwa chanjo tu. Ni lazima damu ipimwe kuonyesha kwamba chanjo imeshika. Damu haitolewi kabla ya siku 30 tangu chanjo. Maabara iwe imekubaliwa na Umoja wa Ulaya. Kiwango cha kingamwili kisiwe chini ya yuniti 0.5 kwa mililita. Halafu ndipo unasubiri miezi mitatu kamili, na miezi hiyo huhesabiwa kutoka siku damu ilipotolewa, si siku jibu lilipofika. Hapo hakuna wa kumhonga wala wa kumbembeleza. Wanasubiri kwa sababu virusi vya kichaa vinaweza kukaa mwilini muda mrefu kabla ya mnyama kuonyesha dalili. Mnyama aliyeambukizwa kabla ya kuchanjwa kwa kawaida atajulikana katika muda huo. Nilipoelezwa hivyo hasira yangu kwa Wazungu ilipungua, ya wakala ikabaki pale pale.

Nikarudi Lamu na paka. Basi hadi Mokowe, boti hadi jeti, na kila niliyekutana naye gatini akiniuliza, "Mumefukuzwa?"

Sasa ndipo anapoingia daktari wa nyota tano. Ni daktari wa mifugo aliyezoea zaidi punda na mbuzi, na nilimwendea kwa aibu kidogo. Lamu punda wana hospitali yao kando ya bahari tangu miaka ya 80, paka hupata chochote kilichobaki. Hakuwahi kumtayarishia mtu paka wa Ulaya. Alichofanya ni kuniambia, "Niachie usiku mmoja nisome." Kesho yake alikuja na karatasi moja aliyoandika tarehe nne tu. Alianza kwa kumpitishia Pweza mashine ya kusoma chipu, ambayo aliiazima, akaandika tarakimu zote 15 kwenye kadi mpya kabla hajagusa sindano. Ndipo akachanja. Akabandika ile stika ya chupa ya dawa kwenye kadi, yenye nambari ya toleo na tarehe ya kuisha, akatia sahihi na muhuri. Hakuna alichonitoza zaidi ya chanjo na nauli ya boti. Nilimuuliza mbona ile ya kwanza haikuwa na stika, akacheka tu.

Siku ya 32 nikampeleka Pweza Malindi kutolewa damu, maana kule nilipata kliniki yenye mashine ya kutenganisha maji ya damu na friji ya kuaminika. Hili mtu wa kisiwani alifikirie mapema. Maabara haitaki damu nzima iliyochemka njiani, inataka maji yake yaliyotenganishwa na kuwekwa kwenye baridi hadi mwisho wa safari. Yetu yalikwenda Onderstepoort, Afrika Kusini. Nikiwa nimekaa kwenye benchi pale Malindi, Pweza ananguruma ndani ya kikapu, nikakumbuka kwamba mji huo huo mwaka 1415 ulimpelekea mfalme wa Uchina twiga mzima. Twiga! Alivuka bahari yote ile bila mtu kumuuliza stika ya chupa.

Hapo kliniki ndipo nilipokutana na mama mmoja wa Kiitaliano na mbwa wake mzee, na alichoniambia ni cha thamani kwa yeyote anayeishi kwa kwenda na kurudi. Yeye humpima mbwa wake damu huko huko Italia kabla hajamleta Malindi, na jibu huandikwa kwenye pasipoti ya mbwa. Akirudi hasubiri miezi mitatu. Na mradi chanjo haiachwi ikapitwa na tarehe, kipimo hakirudiwi maisha yote ya mbwa. Kumleta huku nako kuna kibali cha kuingiza mnyama, kinachotolewa na Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo kabla ya safari. Nilimwangalia yule mbwa amelala kwenye sakafu baridi, ana makaratasi kunishinda mimi.

Jibu la damu lilikuja zuri tena. Lakini viza yangu ilikuwa na mwisho wake, haingoji paka. Na kuna sharti jingine ambalo wakala hakuwahi kulitaja: mwenye mnyama na mnyama wake wasipishane zaidi ya siku tano katika kusafiri. Zaidi ya hapo anahesabiwa mzigo wa biashara, na masharti yake ni mengine kabisa. Ukiona mtu anakuahidi kwamba utangulie, yeye atamtuma paka mwezi ujao kwa bei ile ile, muulize hilo, kisha umsikilize anavyojibu.

Basi nikatangulia Agosti peke yangu, tukakubaliana nitarudi Desemba kumchukua. Pweza akabaki kwa mama. Yule yule wa "huko hakuna nyau". Wiki ya kwanza alinipigia kulalamika kwamba paka anakula samaki aina ya changu na hataki dagaa. Wiki ya tatu nikasikia anamwita "mwanangu" nyuma ya simu. Oktoba aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama ni lazima kweli paka aende.

Desemba mambo yalikwenda haraka, ndiyo maana sina mengi ya kusema. Kile cheti cha afya hudumu siku 10 tu hadi mnyama akaguliwe anapoingia, kwa hiyo kisichukuliwe mapema kwa pupa. Kinaandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi unayoingilia, kwangu Kijerumani. Unaambatisha jibu la maabara, kadi ya chanjo, na barua yako uliyotia sahihi kwamba mnyama si wa kuuzwa. Kabete daktari alikuwa mwingine, lakini aliweka tarehe upande kwa upande vile vile. Safari hii aliitikia kwa kichwa akapiga muhuri.

Ndege niliyopanda inaruhusu paka kukaa miguuni mwa abiria ikiwa yeye na mfuko wake hawazidi kilo 8. Unaomba nafasi mapema kwa sababu kila ndege ina idadi yake. Mfuko wangu nilinunua wa kitambaa, zipu ikakatika kabla hatujapanda, nikaufunga kwa kanga. Nyota mbili. Kanga nyota tano, na ilikuwa na harufu ya nyumbani, akalala juu yake. Dawa ya usingizi nilishauriwa nisimpe, maana angani humshusha mnyama pumzi na moyo, na mashirika mengi humkataa aliyeleweshwa. Alilia saa mbili za kwanza. Jirani yangu wa kiti alivumilia kiungwana. Wanaokwenda Uingereza wasinakili habari hii: kule mnyama haingii na abiria ndani ya ndege, hupelekwa kama shehena kwa njia zilizoidhinishwa, na gharama yake ni hadithi nyingine.

Frankfurt hupiti mlango wa forodha wa wasio na cha kutangaza. Unakwenda ule mwekundu, unasema nina paka kutoka Kenya. Ofisa alichukua mashine, akaipitisha mgongoni mwa Pweza, ikalia. Akasoma tarakimu 15 moja moja huku mwenzake akifuata kwa kalamu kwenye karatasi. Akaangalia tarehe ya chipu, ya chanjo, ya damu. Dakika tatu, labda nne. Akamkuna shingoni, akasema neno kwa Kijerumani, tukapita.

Mama nilimpigia tukiwa bado kwenye treni. Aliuliza kwanza paka amekula nini, kisha mimi. Halafu akasema kuna mtoto wa paka, mweusi na mweupe, amejileta mwenyewe kibarazani tangu juzi, naye hana moyo wa kumfukuza. Ameshamwita yule daktari wetu.

"Nimemwambia amtie chipu kwanza," akasema. "Kisha ndiyo amdunge. Au si hivyo?"