Masharti ya hatua ndani ya Jenkins: tathmini ya mtumiaji wa miaka mingi

Jenkins, programu inayojenga, kujaribu na kupeleka programu nyingine kiotomatiki, inatoa njia mbili za kuamua kama hatua fulani ya ujenzi wa programu itekelezwe au irukwe, na mtu aliyeizoea ile ya zamani huchelewa kuiamini ile mpya. Mimi ni mmoja wao, na tathmini hii ninaiandika baada ya kuzitumia zote mbili katika kazi za kila siku.

Njia ya zamani ni programu-jalizi iitwayo Conditional BuildStep. Hutumika kwenye kazi za aina ya Freestyle, yaani zile zinazopangwa kwa kujaza fomu kwenye kivinjari bila kuandika msimbo. Masharti yake hutoka kwenye programu-jalizi nyingine, Run Condition, nayo si haba: unaweza kulinganisha maneno au nambari, kuangalia kama faili lipo, kupima siku ya juma au saa, kutazama hali ambayo ujenzi umefikia, au kuendesha skripti fupi na kufuata jibu lake, kisha ukayaunganisha hayo yote kwa "na", "au" na "si". Kinachonivutia zaidi ni swali ambalo fomu humuuliza mtumiaji waziwazi: je, sharti lenyewe likishindwa kupimika, ujenzi uhesabiwe umeshindwa, hatua iendelee, au irukwe? Swali hilo ni la busara, na wengi hulipita bila kulisoma.

Hata hivyo, masharti matatu yakishaunganishwa, fomu hugeuka visanduku ndani ya visanduku, na hakuna anayeweza kuieleza kwa mwenzake kwa simu. Aidha, programu-jalizi hii haigusi vitendo vinavyofuata baada ya ujenzi. Ukitaka navyo viwe na masharti, unahitaji nyingine tena, Flexible Publish.

Njia ya pili ilikuja na Pipeline, yaani mlolongo mzima wa hatua ulioandikwa kama msimbo, ambayo toleo la 2.0 la Jenkins la mwaka 2016 liliiweka mbele, na ikapata sura yake ya sasa ilipotolewa Declarative Pipeline mwaka 2017. Hapa masharti huandikwa katika Jenkinsfile, faili linalokaa kwenye ghala moja na msimbo wa programu, ndani ya kifungu kiitwacho "when". Unaweza kusema hatua ya kupeleka programu kwa watumiaji ifanyike kwenye tawi kuu la msimbo pekee, au pale tu lebo ya toleo inapojengwa, au pale faili za folda fulani zinapobadilika. Ukiweka masharti kadhaa bila kuyapanga, yote lazima yatimie. Ukitaka moja litoshe, unayafunga ndani ya "anyOf". Kila badiliko la sharti hupitiwa na wenzako kama badiliko lingine lolote la msimbo, na miezi sita baadaye historia ya Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo, itakuonyesha nani alilibadilisha. Kwa sababu hiyo peke yake ningeipa njia hii nne kati ya tano, na ile ya fomu mbili na nusu.

Ile alama moja ninaizuia kwa sababu ya mitego, na wa kwanza niliutega mwenyewe. Ijumaa moja jioni, mkoba ukiwa tayari begani, niliona hatua ya kupeleka programu kwenye seva ya wateja ikitekelezwa ilhali kisanduku cha kigezo chake, DEPLOY, hakikuwa kimetiwa alama. Nilikuwa nimeandika sharti la aina ya "expression" linalorudisha thamani ya "env.DEPLOY". Kigezo kinaposomwa kupitia "params" hubaki kuwa kweli au si kweli, lakini kinaposomwa kupitia "env" huwa ni neno tu, na katika Groovy, lugha inayotumika ndani ya Jenkinsfile, neno lolote lenye herufi hata moja huhesabiwa kuwa kweli, likiwamo neno "false" lenyewe. Mwongozo wa Jenkins unalitaja jambo hili, sikuwa nimeusoma. Dawa ni kutumia "params", au sharti la "environment" linalolinganisha jina na thamani.

Mtego wa pili ni wa gharama. Hatua yenye wakala wake, yaani mashine ya kuitekeleza, huanza kwa kumpata wakala huyo, ndipo sharti lipimwe, isipokuwa umeandika "beforeAgent true". Ikiwa mawakala wako ni mashine za kukodi zinazowashwa kwa haja, utalipia mashine iamke, ielezwe kwamba hakuna kazi, na ilale tena. Ningependa mpangilio wa awali uwe kinyume chake.

Wa tatu ndio unaonitia hofu zaidi, kwa kuwa huja kimya. Sharti la "changeset" hutazama mabadiliko yaliyoingia tangu ujenzi uliotangulia, si tangu ujenzi wa mwisho uliofaulu. Tuseme umebadilisha faili za malipo, majaribio ya malipo yakashindwa, kisha mwenzako akabonyeza ujenzi urudiwe bila kuongeza lolote. Mara hii orodha ya mabadiliko ni tupu, hatua ya majaribio inarukwa, na ujenzi mzima unaonyesha umefaulu. Kumbukumbu za ujenzi huandika kwamba hatua imerukwa kwa ajili ya "when", lakini nani hufungua kumbukumbu za ujenzi uliofaulu? Vivyo hivyo, ujenzi wa kwanza kabisa wa tawi jipya kwa kawaida hauna orodha ya mabadiliko ya kutazama.

Tangu nilipouelewa mtego huo, "changeset" ninaiweka kwenye hatua ambazo zikirukwa hakuna anayeumia, kama vile kujenga upya kurasa za maelezo. Majaribio ya malipo nimeyaondolea sharti kabisa, na yanachukua dakika zake.