Vanguard yangu ilivyokuwa inakunywa mafuta, na kidude cha elfu thelathini kilichonionyesha yanakoishia

Kwa miezi saba niliamini nimenunua gari la watu wenye hela zao. Ni Toyota Vanguard ya 2008, injini ya 2.4, siti saba, ile ambayo ukiiangalia haraka unadhani ni RAV4 iliyovutwa nyuma. Hatukuagiza Japani, tulinunua kwa mtu aliyeitumia hapa Dar miaka minne. Watoto watatu, mama mkwe akija, ndizi na mahindi mabichi tukirudi kutoka Moshi, vyote vinaingia. Kiyoyozi kizuri, barabara mbovu hailalamiki. Shida ilikuwa sheli.

Naendesha mimi, Goba hadi Posta na kurudi, kama kilomita 50 kwa siku pamoja na kuwapitisha watoto shule. EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wakitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, mimi nimeshaisoma kabla mume wangu hajaamka. Na kila nikijaza tenki Jumapili, Ijumaa asubuhi mshale unaanza kunitazama vibaya.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwendea fundi na maneno matatu: "Gari linakula sana." Ukisema hivyo bila namba umempa fundi ruhusa ya kukuuzia chochote. Niliuziwa plagi nne mpya, nikaoshewa nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini, nikapewa na chupa ya dawa ya kumimina kwenye tenki. Jumla laki mbili na themanini. Gari likawa linawaka vizuri zaidi asubuhi, siwezi kukataa, lakini Ijumaa mshale ulikuwa palepale.

Ndipo nikaanza kuandika. Sheli ileile, pampu ileile, najaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, basi. Kijana wa pampu atataka kuongezea kidogo kidogo ili hela ifike elfu kamili. Mwambie aache, kwa sababu hayo matone yanaharibu hesabu yote. Nasogeza kihesabu cha safari kwenye sifuri, naendesha wiki, najaza tena, nagawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Tenki ya kwanza 6.0, ya pili 6.3, ya tatu 6.1. Wenzangu wawili kazini wenye gari kama hili wanapata 8 mjini. Sasa nilikuwa na kitu cha kuzungumzia.

Kidude chenyewe ni kile kisomaji cha OBD cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu, kidogo kama kiberiti, unakichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, karibu na goti la dereva. Kariakoo nilikipata kwa elfu thelathini. Cha kwanza kiligoma kabisa kuongea na gari, kikarudishwa na kubadilishwa baada ya maneno mengi, kwa hiyo usinunue mahali ambapo hawakubali ukijaribu kwanza kwenye gari lako. Mwenye iPhone atafute cha Wi-Fi au kilichoandikwa wazi kuwa kinakubali iPhone, maana hivi vya Bluetooth vya bei ya chini vingi vinashika Android tu. Kwenye simu niliweka programu ya Torque, ile ya bure. Na ukiegesha usiku, kichomoe. Kinakula betri polepole, na gari lisilotembea siku nne tano linaweza kukuaibisha asubuhi.

Sikutafuta misimbo ya makosa kwa sababu taa ya injini haikuwa inawaka. Nilitaka kuona namba zinazotembea. Ya kwanza niliyoiangalia ni ile inayoandikwa LTFT, yaani kompyuta ya gari imezoea kuongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi ukilinganisha na hesabu yake ya mwanzo. Ikiwa imepita kumi juu au chini, kuna jambo: sensa ya hewa imechafuka, hewa inavuja mahali, nozeli zimechoka. Yangu ilicheza kwenye 3 na 4. Yaani ulaji ule haukutoka kwenye nozeli nilizooshewa. Nilikaa kwenye gari nikacheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyeliwa.

Namba ya pili ndiyo ilinishtua. Joto la maji ya injini. Kwenye foleni ya Mwenge lilikuwa 86, zuri tu. Foleni ikifunguka, nikishika mwendo wa 70 kwa dakika chache, linashuka: 78, 71, 66. Jumamosi nilienda mpaka Bagamoyo makusudi, na njia nzima halikuvuka 68. Injini hii thamostati yake, yaani kilango cha maji, hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Joto likikaa 66 barabara kuu, basi kilango hicho kimeganda kikiwa wazi, au hakipo. Na kompyuta ikiona maji bado ya uvuguvugu inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaendelea kumimina mafuta ya asubuhi saa saba mchana. Kwenye dashibodi mshale ulikuwa chini kidogo ya kati, nami siku zote nilijisifu kwamba gari langu halichemshi.

Nikampelekea fundi wetu wa Tabata, rafiki wa mume wangu, simu mkononi. Akafungua, akachungulia, akainua kichwa.

"Shemeji, hapa hakuna kitu."

"Hakuna tatizo?"

"Hakuna thamostati. Imetolewa."

Nikamuuliza nani anatoa kitu kama hicho. Akajibu bila aibu kwamba hata yeye ameshatoa nyingi. "Hii nchi ya joto, shemeji. Kile kitu ni cha kule kwenye barafu." Nadhani nusu ya magari yanayopita Mandela Road yanaendeshwa hivyo, fundi mmoja aliwahi kuogopa gari kuchemsha, akatatua kwa bisibisi. Mpya, ya kampuni yenyewe, niliipata mtaa wa Gerezani kwa elfu arobaini na tano. Ya kopi ilikuwa elfu kumi na mbili, nikaiacha, kwa sababu hiyo ikiganda imefungwa ndipo utachemsha kweli. Nilisisitiza tuweke kulanti, maji maalumu ya rejeta, badala ya maji ya bomba. Fundi aliniona mbishi. Siku ya pili joto lilipanda mpaka 87 likatulia hapo, foleni au hakuna foleni.

Wiki mbili baadaye hesabu ilisema 6.9. Nzuri, lakini si nane.

Sababu ya pili sikuipata kwa kidude, niliipata kwa mkono. Kidude hakioni breki. Nimeegesha nyumbani, natoa mifuko ya sokoni, nasikia kaharufu kama ka waya unaoungua upande wa nyuma kushoto. Nikasogeza kiganja karibu na rimu, bila kushika, na joto lilinifukuza. Kulia, pa vuguvugu tu. Tukaliinua kwa jeki: gurudumu la kulia unalisukuma kwa kidole linazunguka, la kushoto linataka mkono mzima na linasimama papohapo. Pini za kaliper, kile kinachobana pedi za breki, zilikuwa zimeota kutu, breki imeshika muda wote, yaani nilikuwa naendesha huku nikiwa nimekanyaga breki kwa tairi moja. Kusafisha pini, kupaka grisi yake maalumu, pedi mpya za nyuma: elfu sabini na tano pamoja na ufundi. Kama gari lako linakunywa na bado hujafanya chochote, anza na hili la kiganja. Ni bure.

Mengine nitayapitisha haraka. Upepo wa matairi ulikuwa 24 wakati kibandiko kwenye mlango wa dereva kinasema 32. Oili tuliyokuta ni nzito, 20W-50, gari linataka 5W-30. Mafundi wengi wanaamini oili nzito ndiyo inalinda injini ya zamani. Keria ya juu ya paa ilikuwa imekaa tangu siku tuliyonunua, haijawahi kubeba hata kapu, nikaing'oa. Kila kimoja peke yake nisingekiona kwenye hesabu. Vyote pamoja, na breki, nikafika 7.9.

Halafu matairi yenyewe yakaniletea kichekesho. Aliyetuuzia alitaka gari lionekane limenyanyuka, akaweka 235/70R17 badala ya 225/65R17. Tairi la sasa ni kubwa kwa karibu asilimia 5, kwa hiyo gari linatembea kilomita 105 na dashibodi inahesabu 100. Nililinganisha na GPS ya simu, ikawa hivyohivyo. Maana yake ile 7.9 kwa kweli ni 8.3, na siku zile mbaya za 6.1 zilikuwa 6.4. Maana yake pia, nikidhani naenda 50 mbele ya trafiki mwenye tochi, naenda zaidi kidogo. Nitayamaliza kwanza, matairi si vitumbua.

Nisichoweza kurekebisha ni foleni. Gari likiwa limesimama na kiyoyozi kinafanya kazi, Torque inanionyesha kama lita 1.2 kwa saa. Nikizima kiyoyozi, 0.8. Ni makadirio ya simu, usiyaamini kama mizani ya dukani, lakini yanatosha. Nikisimama jumla ya saa moja na nusu kwa siku, siku tano, ni lita tisa za kukaa mahali pamoja nikisikiliza redio. Hapo hakuna gari la kulaumu wala fundi. Sasa natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu badala ya saa kumi na mbili na robo, watoto wanamalizia uji njiani, na siti za nyuma zinanuka maziwa.

Hesabu ya mwisho: nilikuwa natumia lita 41 kwa wiki, sasa ni 31 na kitu. Kwa bei iliyokuwa inazunguka elfu tatu, ile pesa ya thamostati, breki na kidude ilirudi kwenye wiki ya tano au ya sita. Laki mbili na themanini za mwanzo sizihesabu, zinaniuma.

Desemba tukaenda Moshi. Mwaka wa kabla tulijaza Dar na tukalazimika kujaza tena Same, mume wangu akilipa kimyakimya kile kimya chake. Safari hii tulipita Same tukanunua vitunguu tu. Tukaingia Moshi mshale uko chini kabisa lakini taa haijawaka, kama kilomita 560 kwa tenki moja, watu saba ndani.

Vanguard naipa nyota nne. Ile moja nimeinyima kwa sababu siti za nyuma kabisa ni za watoto, mtu mzima akikaa huko, mkifika Korogwe tu magoti yanalia. Kidude ningekipa tano, ila kwa sasa sinacho. Fundi wa Tabata alikiomba siku mbili amwangalizie mteja mwenye gari linalokula sana. Hii ni wiki ya tatu, na jana nikimpigia aliniambia, "Shemeji, vumilia kidogo, kuna foleni ya magari hapa."