Fontina halisi ya Valle d'Aosta, na ugali wangu

Fontina ni jibini la Valle d'Aosta, bonde la milimani kaskazini mwa Italia. Ya kwanza niliyonunua hapa Torino ilinikatisha tamaa: laini kama mpira, haina harufu wala ladha. Nilipoisoma lebo vizuri nikakuta imeandikwa fontal, jina la jibini la kiwandani linalofanana nayo kwa sura. Muuzaji alikuwa ameniambia ni kitu kilekile. Si kilekile hata kidogo.

Halisi niliila Aosta kwenyewe, mwezi wa tisa. Mama mwenye nyumba tuliyofikia alikata kipande kutoka kwenye duara zima. Ganda lake ni la kahawia, lina unyevunyevu, na juu yake kuna muhuri wenye mchoro wa mlima Cervino. Huo muhuri ndio wa kutafuta dukani. Harufu ya ganda ni kali, usiiogope. Ndani ni rangi ya siagi, na vitundu vidogo vya hapa na pale. Ulimini unaanza utamu wa maziwa, halafu inakuja ladha kama ya korosho, na inakaa.

Hutengenezwa kwa maziwa mabichi ya mkamuo mmoja, ya ng'ombe wa kienyeji wa bonde lile. Ya asubuhi hayasubiri ya jioni. Kisha maduara hukaa siku zisizopungua 80 kwenye mapango ya baridi, juu ya mbao, yakigeuzwa, yakipakwa chumvi na kupigwa brashi.

Kilichoniteka kabisa ni polenta concia. Wanasonga unga wa mahindi, kisha wanatia siagi na fontina. Ugali na jibini, jamani! Nyumbani nikajaribu. Mara ya kwanza niliacha moto mkali, mafuta yakajitenga yakaelea juu. Sasa nausonga laini kidogo kuliko wa kawaida, nazima moto, ndipo natia vipande vidogovidogo na kugeuza taratibu mpaka mwiko ukiinuliwa unavuta nyuzi.

Ni ghali, sitaficha, kwa hiyo nanunua gramu 300 tu na kuzifunga kwa karatasi. Kwenye plastiki inatoa jasho na kuharibika ladha. Wanangu wanagombania ukoko wa chini ya sufuria, ule jibini lililoganda nao likawa rangi ya dhahabu.