MRI ya goti la mama: huduma nzuri sana, ila kalsiamu iliyojikusanya ndani ya goti haikuonekana

Jamani hii naiandika kwa kirefu kidogo mnivumilie, maana kama kuna mtu angeniambia haya mwezi uliopita tungeokoa hela na mama asingeteseka wiki nzima. Mama ana miaka 71. Goti lake la kulia lilivimba ghafla usiku wa kuamkia Ijumaa, likawa la moto, ukiweka mkono juu ya khanga joto unalisikia, kukunja hawezi, chooni tunambeba. Asubuhi tukampeleka hospitali, daktari wa zamu akalibonyeza bonyeza akasema hapa inawezekana meniskasi imechanika, ile mito miwili ya gegedu inayokaa katikati ya mfupa wa paja na wa ugoko, nendeni mkapige MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Eksirei hakuandika, maji ya goti hakuvuta. Bima ikagoma, ikabidi tuchangishane ndugu wanne, laki nne na elfu hamsini ikapatikana jioni ile ile.

Kituo chenyewe sitakitaja jina, kipo hapa hapa Dar. Kwenye huduma nawapa haki yao, wako vizuri. Mapokezi hatukukaa hata dakika 20, wakaleta kiti cha magurudumu bila kuombwa, na yule kijana wa mashine ana adabu mpaka raha. "Shikamoo mama, una chuma chochote mwilini? Betri ya moyo? Ulishawahi kufanyiwa opareshen ukawekewa kitu?" Mama akamjibu marahaba mwanangu, nina meno ya bandia tu. Akamwambia ayatoe taratibu, na hereni, na pini za mtandio, akampa kikombe kisafi cha kuwekea meno. Goti wanalifungia ndani ya kifaa cha plastiki kama bakuli lenye vipande viwili, wanaweka na mito pembeni lisicheze, afu anaingizwa miguu kwanza, kichwa kinabaki nje kwaiyo wenye hofu ya sehemu za kubana msiogope sana kwa goti. Kelele zipo, gogogogo kama wanabomoa ukuta, ila wanakupa vya kuziba masikio. Nusu saa kamili kwa saa ya ukutani. Ripoti tukapewa kesho yake na sidii.

Ripoti sasa ndo ilituchanganya. Imeandikwa maji mengi kwenye goti, na meniskasi ya ndani ina alama nyeupe inayoendana na mpasuko. Tukaanza kuongelea opareshen jamani, mama anasali anaomba asipasuliwe.

Bahati nzuri shemeji yangu akatuunganisha na daktari wa baridi yabisi, mama wa makamo, mtulivu, anaongea na mgonjwa kwanza ndo anageukia makaratasi. Akauliza, mama ulianguka? Hapana. Ulijipinda? Hapana, nililala mzima nikaamka hivi. Akaniambia mwanangu nenda hapo chini mkapige eksirei ya goti, elfu 30. Ile filamu ilivyorudi akaiweka kwenye taa akaniita nisogee, akanionyesha kwa ncha ya kalamu: kati ya mifupa miwili, pale ambapo panatakiwa pawe peusi patupu, kuna kamstari keupe kembamba kamelala sambamba na mfupa, kama mtu kapitisha chaki mara moja. Hiyo ni kalsiamu imejikusanya ndani ya gegedu. Mi nilikuwa nimeshika sidii ya laki nne mkononi.

Nikamuuliza kwa nini MRI haikuona, na majibu yake ndo sababu kubwa ya kuandika hapa. MRI inachora picha kutokana na maji na mafuta yaliyomo mwilini, kisicho na hayo kinatoka cheusi. Fuwele za kalsiamu, yaani vile vipunje vigumu vidogo sana, ni kavu, zinatoka nyeusi. Na meniskasi nayo kwa kawaida inatoka nyeusi kwenye MRI, kwaiyo unatafuta uzi mweusi juu ya baibui. Halafu kuna wakati kalsiamu ikikaa ndani ya meniskasi inaleta alama nyeupe badala ya nyeusi, na hiyo alama inafanana na mpasuko kabisa, msomaji asipokuwa na eksirei pembeni ni rahisi kuandika imechanika. Kwenye lile gegedu laini linalofunika ncha za mifupa vidoti vyeusi vinaweza kuonekana, hasa wakipiga kwa mpangilio unaoitwa gradienti eko ambao unazikuza fuwele zionekane kubwa kuliko zilivyo, ila goti letu halikupigwa hivyo. Akasema hata vigezo vya mwaka 2023 vya vyama vya madaktari wa baridi yabisi, ACR ya Marekani na EULAR ya Ulaya, vya kuutambua ugonjwa huu, kwenye upande wa picha wamehesabu eksirei, altrasaundi na siti skani, MRI hawakuiweka.

Kisha akavuta maji. Sindano moja, yakatoka ya njano yenye ukungu kama maji ya kuoshea mchele, yakaenda maabara kuangaliwa bakteria, maana goti la moto namna ile lazima uhakikishe siyo usaha, na kuangaliwa fuwele kwenye hadubini ya mwanga maalumu. Za gauti, ule ugonjwa wa asidi ya yuriki kwenye viungo, ni ndefu kama sindano, za mama zilikuwa fupi za pembe nne zilizolala upande. Bakteria hakuna. Ugonjwa huu wa fuwele za kalsiamu kwenye viungo unaitwa CPPD, wengine wanauita gauti bandia, Daniel McCarty na wenzake kule Marekani ndo waliozitambua hizo fuwele kwenye maji ya goti mwanzoni mwa miaka ya 1960. Unawapata zaidi watu wa miaka 60 kwenda juu, na siyo kwamba mama alikunywa maziwa mengi, hilo jirani alishaanza kulisema, tafadhali msiwanyime wazee maziwa.

Dawa ya kuyeyusha hizo fuwele haipo mpaka sasa, wanatuliza uvimbe tu. Mama kachomwa steroidi ndani ya goti na kapewa kolchisini dozi ndogo, siku ya tatu kaenda chooni mwenyewe. Kapimwa na damu, madini ya magneziamu, chuma, na homoni ya parathairoidi inayosimamia kalsiamu mwilini, kwa sababu hivyo vikiharibika vinaweza kuleta shida hii.

Sisemi eksirei inaona kila kitu, kuna kalsiamu nyingine nayo haiioni, na kuna wazee wana huo mstari mweupe na hawaumwi popote. MRI nayo kwa kano zilizokatika sina neno, mdogo wangu wa mpira ilimsaidia. Ila mzee goti limevimba ghafla bila kuanguka, ulizeni eksirei na kuvuta maji kabla hamjachangishana.

Kituo nakipa nyota nne kati ya tano, wahudumu wenyewe nawapa zote tano. Moja naitoa kwa sababu hakuna aliyetuuliza eksirei iko wapi kabla ya kupokea hela. Jumamosi asubuhi foleni ni fupi, na mzee mbebeeni khanga ya ziada, chumba cha mashine kina baridi kali.